Kilabu cha Kale Kilichojengwa Mwaka Juzi

Laoban wangu wa mikoba kule Shiling, nje kidogo ya Guangzhou, China, alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa mtu mwingine. Aliweza kuchukua ngozi iliyofika kiwandani asubuhi na, kabla ya chakula cha mchana, akaifanya ionekane imerithiwa kutoka kwa nyanya aliyesafiri sana. Aliisugua pembe kwa msasa, akaipaka rangi ya kahawa iliyopoa, akaikunja, akaikanyaga, kisha akaipangusa taratibu kama mtu anayeomba msamaha. "Laoban" ndivyo tunavyomwita bosi yeyote wa Guangzhou, awe na kiwanda au na meza moja ya soksi, lakini huyu alikistahili cheo hicho. Mikoba yake ndiyo iliyokuwa ikinitoa Nairobi kila baada ya miezi michache. Wateja wangu siku hizi hawataki kitu kipya. Wanataka kitu cha zamani ambacho hakijawahi kutumiwa na mtu.

Siku hiyo mzigo wangu ulikuwa umeshafungwa na lori la kuuchukua lilikuwa limechelewa. Laoban akapiga makofi, akatangaza kwamba hatutakaa kiwandani tukila tambi za kwenye kikombe kama mayatima. Atatupeleka kijijini kwao, huko vilimani kaskazini mwa Huadu, kwenye kilabu cha kale chenye chakula na bia.

"Cha kale kiasi gani?" nikauliza.

Swali langu lilipitia kwa mkalimani wetu, kijana wa Kitanzania aliyekuwa Guangzhou kwa ufadhili, akisomea uzamivu wa uhandisi wa maji. Wakati wa likizo aliwatafsiria wafanyabiashara. Tulimwita Daktari kabla hajamaliza masomo, kama watu wanavyomwita mwanamke "mama" mimba ikiwa bado changa. Kichina chake kilikuwa safi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni adabu. Neno lolote lenye makali lilipopita kinywani mwake lilitoka limenyolewa ndevu. Nikisema, "Mwambie huyu mwizi bei hiyo ni ya wazimu," Daktari angezungumza kwa muda mrefu, akitabasamu. Laoban angejibu kwa kelele na mate. Kisha Daktari angenigeukia na kusema, "Dada, anasema anakuthamini sana."

Sasa akanigeukia vivyo hivyo. "Anasema ni cha kale mno. Hata yeye hajui."

Wa tatu wetu alikuwa Mama wa Mombasa, muuzaji wa madera na mitandio. Yeye hununua kwenye masoko ya nguo ya Shahe na Zhanqian Road, lakini safari hii alikuwa amenifuata Shiling kutafuta vipochi vya maharusi. Alikuwa mtu mzima, Mwislamu asiyekosa sala, na kwa miaka yote aliyofanya biashara China hakuna nguruwe aliyewahi kumpita ulinzini.

"Kilabuni?" akasema. "Mimi? Na umri huu nikaonekane kilabuni?"

"Nani atakuona huko, Mama?" nikamwambia.

"Mungu hana likizo, mwanangu. Hebu muulize, kuna chakula gani?"

Daktari akauliza. "Kuku, samaki, mboga za shambani."

"Na nguruwe?"

Daktari akauliza tena, akasikiliza jibu refu. "Anasema wewe ni mgeni wake wa heshima."

"Sikuuliza hilo."

Tukaenda. Njiani laoban aliendesha kwa mkono mmoja na kusimulia kwa mwingine. Aliwahi kwenda Uingereza kwenye maonyesho ya ngozi, na wenyeji wake wakampeleka mashambani kwenye baa ya zamani. Dari ilikuwa chini hata akagonga kichwa. Palikuwa na wazee wanakunywa bia ya hudhurungi, isiyo baridi, na mbwa amelala katikati ya njia na hakuna anayemfukuza. Alipouliza nyumba ile ilijengwa lini, wakamtajia mwaka wa zamani sana ambao nusura umwangushe kitini. Watu walikuwa wanatoka mbali na kulipa fedha nzuri ili wagonge vichwa vyao pale. Aliporudi nyumbani hakulala vizuri. Ndipo akagundua kwamba hata kijiji chao kina kilabu cha kale.

"Aligunduaje?" nikauliza.

"Anasema aligundua tu," akasema Daktari.

Tuliacha barabara kuu, tukapita mabwawa ya samaki na mashamba ya michungwa na milichi, tukafika kwenye uwanja wa kuegesha magari ambao ungeitosha hospitali ya rufaa. Mbele yake ndipo kiliposimama kilabu. Kilikuwa na kuta za mawe, vigae vyeusi, taa nyekundu za karatasi, mapipa ya mbao mlangoni na bomba la moshi lililokuwa likitoa moshi mweupe, mwororo, usiokuwa na harufu yoyote. Niliinama kuingia na bado nikagonga kichwa. Laoban alifurahi kana kwamba nimempa zawadi. Akanisogeza pembeni ili Mama naye agonge, lakini Mama ni mfupi, akapita na heshima zake zote.

Nilisimama mlangoni nikijisugua utosi, na hapo nikaiangalia nguzo. Ilikuwa imelika vizuri, pembe zimelainika, mbao imeingia weusi kama imeguswa na mabega ya vizazi. Ila imelika mahali ambapo bega la mtu haliwezi kufika, labda awe amepanda farasi. Nikaipitishia kidole. Msasa, kisha kahawa iliyopoa. Niliifahamu kazi ile. Nilikuwa na katoni kadhaa za mikoba ya namna ile zinasubiri lori.

Ndani kulikuwa na vijana wa mjini, wengi, wamekodi nguo za enzi za wafalme na wanapigana picha. Hapakuwa na mzee hata mmoja. Kijito kilipita katikati ya sakafu kwenye mfereji wa mawe, na kigurudumu cha maji kikazunguka. Mishumaa iliwaka juu ya meza zote. Mahali fulani jogoo aliwika kila mara, kwa sauti ileile na pumziko lilelile, jambo ambalo jogoo wa kwetu hawezi hata umlipe.

Mhudumu alikuwa msichana aliyevaa joho la mikono mipana. Nilipomwambia ninachotaka, akaonyesha mraba wa madoadoa uliobandikwa mezani. Kilabu cha kale hakipokei maneno, unaskani kwa simu. Daktari akaskani, na Mama akaanza kazi yake.

"Hii nini?"

"Maharagwe, Mama."

"Na hivi vyekundu juu yake?"

Daktari akamwuliza msichana. "Anasema hakuna nguruwe. Ni nyama tu kidogo."

"Nyama ya nini?"

"Anasema nyama ya kawaida."

Mama akafunga mkoba wake. "Nyama ya kawaida ya China naijua. Niletewe maji ya moto."

Mimi nililetewa bia, nami nitaisemea haki. Ilikuwa ya hudhurungi, vuguvugu, povu lake jembamba, na ladha ya mkate ulioungua kidogo, halafu uchungu wenye heshima mwishoni. Meza ya jirani waliomba barafu, laoban akawaendea mwenyewe na kuwahutubia juu ya Uingereza. Waliiweka barafu alipogeuka. Mimi nilimaliza glasi nikaomba nyingine, nikiwaza kwamba mtu anaweza kuzeesha nguzo kwa uongo na bado akapika bia ya kweli.

Chakula kilikuwa hakijafika mvua ilipoanza. Mvua ya Guangzhou wakati wa joto haina salamu. Mbingu iliingia weusi, radi ikapiga mahali karibu sana, na umeme ukakatika.

Mishumaa yote ikazimika kwa pamoja. Kijito kikasimama. Kigurudumu kikazunguka mara ya mwisho kwa aibu, kikatulia. Jogoo alikatwa katikati ya kokoriko na hakumalizia. Bomba la bia likakohoa, likanyamaza, na kutoka jikoni, ambako majiko yote yalikuwa ya umeme, ikasikika sauti ya mpishi akitupa kitu chini. Hata moshi wa juu ya paa ulikatika. Msichana wa joho alibaki amesimama katikati ya chumba ameishika simu yake kifuani, kwa sababu mtandao wa nyumba ulikuwa umekufa, oda zimekufa nao, na hakuna aliyewahi kumfundisha kuuliza mtu, "Utakula nini?"

"Angalau sasa pamekuwa pa kale," nikamwambia Mama.

"Jenereta?" Daktari akamwuliza laoban aliyepita akikimbia.

"Meiyou!" akapiga kelele laoban. Neno hilo kila mfanyabiashara wa hapa analijua kabla ya kujua salamu. Hakuna.

Joto likapanda. Mvua ilipopungua, watu wakaanza kutoka nje na majoho yao, wakijipepea. Mimi nami nikatoka, nikasimama chini ya vigae upande wa nyuma, na hapo harufu ikanipata.

Ilikuwa moshi wa kuni, wa kweli, na chini yake harufu nyingine, ya nafaka iliyolala na kuamka, tamu na chachu kwa pamoja. Nilizaliwa ndani ya harufu hiyo. Mama yangu alipika busaa, pombe ya nafaka iliyopigwa marufuku, nyuma ya nyumba yetu, akikaanga unga juu ya bati, na sisi watoto tulifundishwa kutambua viatu vya askari wa chifu kabla ya kufundishwa alfabeti. Busaa hiyo ndiyo iliyotulipia shule. Siku hizi mama ameokoka na ukimwuliza anasema ulikuwa uji. Nikaifuata harufu bila kufikiri, nikapita mapipa, nikapita mtambo mdogo uliokuwa ukitengeneza ule moshi mweupe, hadi kwenye ukuta wa mianzi wenye mlango.

Laoban akanifikia mbio, Daktari nyuma yake, na Mama nyuma yao ameinua buibui asiguse tope.

"Anasema hapo ni stoo," akasema Daktari. "Anasema hakuna kitu. Anasema ni pachafu."

Stoo ikafunguka. Akatokea bibi kizee mdogo wa umbo, suruali imekunjwa hadi magotini, mkononi ana kata ya kuchotea. Alitutazama mmoja mmoja bila kushangaa, kisha akamgeukia laoban na kumwita kwa neno moja fupi. Sijawahi kuona mtu mwenye kiwanda akipungua vile. Mabega yalishuka, mikono ikaenda nyuma. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa kwamba huyu ni mama yake.

Bibi akazungumza kwa muda, akionyesha kwa kata. Nikamtazama Daktari.

"Dada, hiki ni Kikantoni," akasema kwa huzuni. "Si Kichina nilichosomea."

Ikabidi laoban amtafsirie Daktari, na Daktari atutafsirie sisi. Laoban akasema neno moja. Daktari akasema, "Karibuni."

"Maneno yote yale ni karibuni?" akauliza Mama.

Pembeni yetu mtu akacheka. Alikuwa yule msichana wa joho. Alikuwa binti wa kijiji kilekile, na kabla ya kuvishwa mikono mipana alikuwa ameuza viatu mjini kwa Waafrika, kwa hiyo Kiingereza chake cha sokoni kilinitosha. "Hakusema hivyo," akaniambia. "Amemwambia, 'Kitoto cha Mbwa, umewaacha wageni wa watu na njaa, na nyumba yako imezimika kama tochi. Nilikwambia.' Hilo la mbwa ni jina lake la utotoni."

Laoban akamkazia macho. Msichana akamkazia ya kwake. Kutoka hapo, kila bibi aliposema neno, tulipata tafsiri mbili, na tulikuwa tunangoja zote mbili kwa hamu.

Ndivyo nilivyoijua habari yenyewe. Mahali kilipojengwa kilabu cha kale palikuwa na kilabu cha kale. Kilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye mabenchi, kaunta iliyochakaa na mitungi ya pombe ya mchele, na aliyekiendesha alikuwa huyu bibi, na kabla yake mama mkwe wake. Wachuma matunda na wavuvi wa mabwawa walikunywa hapo, wakala karanga za kuchemsha, wakagombana, wakapatana. Mwaka juzi mwanawe alikibomoa apate nafasi ya kujenga historia. Mitungi ikahamishiwa nyuma ya ukuta wa mianzi, na bibi pamoja nayo.

"Anasema ulikuwa ukarabati," akasema Daktari baada ya kumsikiliza laoban.

Bibi hakuwa na muda wa mjadala. Aliuliza tumekula nini, akajibiwa hatujala, akaingia bandani na kutoka na kuku anayepiga mbawa. Alikuwa ameshainua kisu Mama alipomshika mkono.

"Ngoja, dada yangu," Mama akasema kwa Kiswahili, kana kwamba wako Majengo, kwao Mombasa. Akachukua kisu kutoka mkononi mwa bibi, akakijaribu kwenye ukucha, akatikisa kichwa. Bibi akaelewa. Akageuza bakuli la udongo, akakinoa kisu kwenye kitako cha bakuli, akakirudisha. Mama akatoa simu, akatafuta kibla, akageuka, akamlaza kuku kama anayemlaza mtoto. "Bismillahi, Allahu Akbar." Ilikuwa kazi safi, ya haraka. Bibi aliitikia kwa kichwa polepole, vile fundi anavyomkubali fundi.

Hapo ndipo tulipogundua hatuko peke yetu. Vijana wa mjini walikuwa wamefuata harufu kama mimi. Walijaa kwenye ukuta wa mianzi na majoho yao ya kukodi, simu juu. Wakapiga makofi. Mmoja akamwuliza msichana jambo, naye akakunja kiuno kwa kicheko.

"Anauliza onyesho la pili ni saa ngapi."

Likabaki suala la chungu. Mama alilitazama karai kubwa jeusi la bibi, lililokuwa limekaangia nguruwe kwa miaka mingi, akasema hapana, samahani, kwa hilo hapana. Kila mtu akaanza kutafuta. Mama mwenyewe ndiye aliyekumbuka kwamba mle kilabuni, ndani ya kabati la kioo, ameona chungu kizuri chenye kibao.

"Mwulize," akamwambia Daktari. "Kile chungu kimewahi kupikiwa?"

Daktari akatafsiri, na nikamwona laoban akisimama njia panda. Kibao kilisema chungu kile kilipikia maakida wa mfalme. Kama kimepikiwa, mgeni wake wa heshima atalala njaa. Kama hakijapikiwa, basi kibao ni uongo. Vijana wote walikuwa wanasikiliza. Laoban alimeza mate, akamsogelea Daktari, akamnong'oneza sikioni.

"Anasema," akatamka Daktari, naye alikuwa anahangaika kutafuta mkasi wake wa adabu, "kimetunzwa vizuri sana."

"Ndiyo au hapana?"

"Hakijawahi, Mama."

Kikaletwa. Msichana alipokigeuza kukiosha akakuta chini kijikaratasi cha dukani, akanisomea: kinafaa kwa mikrowevu. Mama akakisugua kwa majivu hata hivyo, akakiteleka juu ya kuni, na wanawake wale wawili wakaanza kupika bila lugha. Bibi alitia tangawizi, Mama akaongeza. Bibi akanyoosha mkono kwenye chupa ya mvinyo wa mchele, Mama akaufunika mkono ule na wake. Bibi akacheka, akaiweka chupa mbali. Kutoka kwenye mkoba wake Mama alitoa pakiti ya bizari nyembamba na iliki, na bibi akainusa, akapiga chafya, akaomba zaidi.

Tulikula kwenye vigoda, mabakuli mapajani. Kuku yule, na viazi vikuu, na mboga za majani zilizopitishwa motoni na vitunguu saumu. Mimi nilichotewa pombe ya mchele kutoka mtungini, nzito na nyeupe kama maziwa ya kwanza. Nilifumba macho nikamwona mama yangu amepiga magoti kwenye bati, na ilibidi niseme kwamba moshi umeniingia machoni.

Vijana walitaka kununua. Walinyoosha simu zao kulipa, na hakukuwa na mraba wa madoadoa. Bibi aliwatazama, akasema kitu.

"Anasema hauzi," akatafsiri msichana. "Anasema wanaotaka kunywa walete kuni kwanza, kule nyuma, na wavue hayo mashuka, yataungua."

Wakaenda kubeba kuni. Walizibeba kwa furaha ambayo mama zao hawajawahi kuiona.

Laoban, mfanyabiashara hadi kwenye mifupa, alikuwa ametoa jagi la bia yake, ameichota kwa mkono kutoka kwenye tangi, akampa mama yake aionje mbele ya watu. Bibi akanywa, akaishika mdomoni, akameza.

"Anasema ina upekee," akasema Daktari.

"Amesema ni nzuri," akasema msichana, naye akaonekana kushangaa. "Amesema ni nzuri, mbona umeificha ndani ya nyumba ya sinema?"

Laoban akavuta kigoda, akaketi, akapewa bakuli na mama yake bila kuomba. Alikula kichwa chini, kama mtoto aliyechelewa kurudi kutoka shule. Baadaye akaanza kuzungumza na Daktari kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza Daktari alitafsiri bila kunyoa chochote. Alisema kile chumba cha udongo kilikuwa kinavuja. Alisema alipokuwa kijana, watu wa mjini waliokuja kununua matunda waliingia mle wakicheka, wakishika pua. Aliona haya miaka yote. Kisha akaenda Uingereza, akaona watu wenye suti wakipanga foleni kuingia kwenye nyumba inayovuja vilevile. "Anasema hakuelewa," akasema Daktari. "Anasema mpaka leo haelewi, kwa nini umaskini wa wengine ni historia, na wa kwetu ni umaskini tu."

Mama wa Mombasa alimwongezea paja la kuku.

Umeme ulirudi. Nyuma yetu jogoo aliwika kuanzia pale alipokatwa, mishumaa ikawaka, na vijana wakarudi ndani kupigwa picha pamoja na moshi.

Nilikuwa nimefikiri kwamba siku ile itambadilisha laoban. Ilimbadilisha kweli. Niliporudi pale kijijini safari iliyofuata, nikiwa na Mama tena, ukuta wa mianzi ulikuwa umetobolewa mlango mpana wenye taa nyekundu, na bango linaloelekeza kwenye Jiko la Mama. Uani palikuwa na kuni zilizokatwa sawasawa na vigoda vilivyozeeshwa kwa msasa. Juu ya moto aliinama bibi mwenye nywele nyeupe, mgongo umepinda, anachota pombe kwa kata. Alipoinua uso nikamtambua. Alikuwa yule msichana wa joho, na nywele za bandia.

"Kazi ni kazi," akaniambia kwa Kiingereza, akijinyoosha kiuno. "Huu mgongo wananilipa zaidi ya ile mikono mipana."

"Na bibi mwenyewe?"

Akaangalia kama laoban yuko karibu. Bibi alijaribu, akasema. Alivaa vazi alilopewa, akaenda nalo kulisha bata. Wageni walimfuata hadi chumbani kumpiga picha amelala mchana. Siku moja alimwagia mmoja maji ya kuoshea mchele, na picha ya tukio hilo ikapendwa sana mtandaoni, wakaja wengine wakiomba wamwagiwe. Ndipo alipofunga nguo zake na kuhamia kwa bintiye mjini Huadu.

"Tupe njia ya kufika," akasema Mama.

Tulimkuta kwenye jengo refu, juu kabisa, ambako lifti ilitufikisha masikio yameziba. Daktari alikuwa nasi, na safari hii alikuwa amejifunza Kikantoni cha kutosha kusalimia. Bibi alimcheka hata machozi. Roshani ilikuwa imejaa ndoo za plastiki zilizofunikwa kwa vitambaa, na harufu ileile ilikuwa imeshuka ngazi zote za jengo. Bintiye alitueleza kwa aibu kwamba majirani walilalamika, na mlinzi wa jengo akatumwa kuja kukagua. Bibi alimpa bakuli moja. Sasa mlinzi anakuja kukagua kila wiki, na wale majirani wamejitolea kumsaidia ukaguzi.

Mama alikuwa ameleta iliki na sufuria yake mpya. Waliingia jikoni, wakagombania tangawizi, na sisi wengine tukafukuzwa tukakae roshanini. Daktari alinyoosha shingo juu ya ndoo, akauliza kwa upole kama anaweza kuonja, kwa ajili ya utafiti. Nikamchotea. Chini kabisa magari yalipita, madogo kama sisimizi, na mvua ikaanza kunyesha juu ya Huadu yote.